Mahali Klachi Inapokamata

Mguu wangu wa kushoto ulikuwa hauvai kiatu ndani ya gari. Wa kulia ulivaa, kwa sababu mafuta na breki hata mlevi anaweza kuvikanyaga, lakini wa kushoto niliuacha wazi. Kandambili yake niliisukuma chini ya kiti, ngozi ikakutana na pedali ya klachi bila kitu katikati. Ndivyo nilivyofundishwa na mjomba aliyenitia katika kazi hii, na yeye alikuwa akiwatukana hadharani madereva wanaoendesha na mabuti. Alisema wanabahatisha. Mimi sikuwatukana, nilicheka tu nikisikia gari la mtu likilia kwenye kupanda, nikajua dereva wake amevaa buti.

Naishi Buyenzi, mtaa wa mafundi hapa Bujumbura, ambako ukirusha jiwe litamwangukia mtu aliyelala chini ya gari. Pikapu yangu ni ya zamani. Usukani wake uko kulia ingawa huku tunapita upande wa kulia wa barabara, kwa sababu ilikuja kwa njia ya Dar es Salaam kama nyingine nyingi. Mbele ina kiti kimoja kirefu, gia imesimama katikati, na breki ya mkono ilikufa zamani nikaona haina haja ya kufufuliwa. Miaka mingi nilibeba mchanga, mbao na mabati kuwapelekea wanaojenga huko juu, Gihosha, Mutanga Sud, Kigobe. Kwenye kupanda kule, ukiwa na mzigo na mbele yako gari limesimama, kinachokuzuia usirudi nyuma ni klachi. Unaiachia taratibu mpaka mahali inapokamata. Hapo pana mtetemo mdogo unaopanda kwenye unyayo, mdogo sana, na ukiushikilia, gari linatulia kwenye mlima, haliendi wala halirudi. Huwezi kuuona mtetemo huo, wala kuusikia kwa masikio. Watu wakiniuliza kazi yangu nilisema mimi ni dereva, lakini kazi yangu hasa ilikuwa pale, kwenye upana wa kidole kimoja cha safari ya pedali. Nje ya hapo sikuwa na ujuzi mwingine wowote.

Basi mahali pale pakaanza kunipotea. Naomba niseme wazi mapema, nisimchoshe mtu: klachi haikuwa na kosa lolote. Kilichokuwa kinakufa ni mguu. Lakini wakati ule nani angewaza hivyo? Gari lilikuwa kuukuu na mimi nilikuwa mzima, nakula, natembea, nagombana na wateja. Kikiharibika kitu baina ya mtu na gari, sisi tunafungua kapo, mfuniko wa injini, hatuvui soksi.

Ilianza kwenye foleni ya mafuta. Ni balaa hili hili la mafuta ambalo kila mtu hapa anaishi nalo, magari yamepangana kutoka kituoni mpaka mtaa wa pili, madereva wanakula na kusali kando ya magurudumu. Foleni ikasogea kidogo. Nikawasha, nikakanyaga klachi, nikaweka gia ya kwanza nikisubiri wa mbele aondoke. Nilikuwa na hakika mguu uko juu ya pedali na pedali iko chini. Pikapu ikaruka, ikaipiga teksi ya mbele kwenye matako yake. Dereva akashuka na hasira zake zote, kisha akaona ndevu zangu nyeupe, akashusha sauti.

"Mzee, ulisinzia?"

"Sikusinzia. Ambreyaje imeniponyoka."

Nilimwambia hivyo, maana ambreyaje ndiyo klachi kwa Kifaransa chetu, na nilikuwa nasema kweli kama nilivyoijua.

Fundi wangu ni rafiki wa tangu chuoni, tulikaa mkeka mmoja tukijifunza alifu na be, tukachapwa na fimbo moja. Garaji yake ni uwanja wa nyumba ya marehemu baba yake. Nikampelekea pikapu nikamwambia klachi imekuwa pamba, nikikanyaga sisikii kitu. Akaingia, akaiendesha mpaka mwisho wa barabara akarudi.

"Ambreyaje iko muzima."

"Muzima gani? Mi ndio naendesha, we unaniambia muzima?"

"Sawa, sawa. Tutafungua."

Akafungua. Akabadilisha diski kwa sababu nilishikilia ibadilishwe, akatoa mafuta ya klachi yote akatia mapya. Nikaijaribu. Pamba ile ile. Nikaondoka na kurudi, nikaondoka na kurudi, na kila nikirudi nilikuwa na maneno makali zaidi. Siku moja nilimwambia mbele ya wateja wake kwamba mikono yake imezeeka. Aliniangalia nikishuka garini, akaniangalia nikitafuta kandambili kwa mkono chini ya kiti, nikaivaa kwa kuitazama. Sasa najua alikuwa anatazama nini. Mguu wangu ulikuwa hauioni kandambili mpaka macho yaione.

Safari iliyofuata aliniambia ametafakari na amepata dawa. Alichukua springi ya lori bovu, akaifunga nyuma ya pedali, chini kule kwenye giza ambako mtu huingia kichwa kwanza miguu ikabaki nje. Nikakanyaga. Pedali ikanisukuma. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kitu kilinijibu! Sikukisikia kwenye unyayo, nilikisikia kwenye goti na kwenye paja, lakini nilikisikia. Nilimkumbatia yule mtu na shati lake lote la grisi. Nilipanda Gihosha siku hiyo na mzigo wa matofali nikiimba.

Furaha ile inaniuma kuliko mambo mengine yote.

Nikajifunza upya kuendesha kwa paja. Baada ya muda paja nalo likazoea, pamba ikarudi, nikamrudia fundi, akafunga springi ya pili bila kuniuliza swali. Pedali ikawa ngumu ajabu. Jirani yangu mmoja, mwanamume wa kubeba magunia, alitaka kuisogeza pikapu iliyozibia mlango wake, akatoka ameshika goti. "We mzee, hii ni gari ao ni adhabu?" Watu wakacheka, nikacheka nao. Nilijisikia mwanamume. Nilijiambia vijana wa siku hizi hawana miguu.

Binti yangu ndiye mtu pekee mwingine aliyekuwa akiiendesha pikapu ile, kabla ya springi. Mama yake alitangulia mbele ya haki binti akiwa bado anasoma, tukabaki wawili. Alipomaliza shule nikamfundisha, pale pale kwenye kupanda Gihosha, kwa namna mjomba alivyonifundisha mimi. Mwanafunzi anakaa kwenye usukani, mwalimu anasogea katikati ya kiti, gia ikiwa baina ya magoti yake. Mwalimu ananyoosha mguu wake wa kulia mpaka kwenye klachi, na mwanafunzi anaweka wa kwake wa kushoto juu ya huo, yote miwili bila viatu. Kisha hakuna maneno. Mwalimu anaachia pole pole, na mguu wa juu unajifunza kutoka kwa mguu wa chini. Baadaye mnabadilishana, wa mwanafunzi unakwenda chini. Naukumbuka mguu wa mwanangu juu ya wangu, una joto, una mchanga, unatetemeka. Pale klachi ilipokamata alisema "Hii?" nikasema "Hiyo." Hajawahi kurudi nyuma kwenye mlima tangu siku ile. Nilijua nitakufa nimemwachia kitu.

Baadaye ikaja harufu. Ndani ya gari palinuka mzoga. Nilidhani panya amekufa, kwa sababu panya wa Buyenzi huingia magarini kutafuta joto. Nilitoa kiti nje, nikatoa mikeka ya mpira, nikapiga deki kwa sabuni. Binti yangu akanisaidia, akafukiza ubani mpaka macho yakatuwasha. Harufu ikapungua siku hiyo kisha ikarudi. Nikampelekea fundi, nikamwambia panya yuko kule kwenye springi zako, nitolee.

Akaingia kichwa kwanza. Alikaa humo muda. Nilimsikia akipumua. Akanyoosha mkono nje akaomba kitambaa, kisha akaomba petroli, na petroli wakati ule mji mzima ulikuwa unaililia, lakini yeye alitoa ile aliyoiweka kwenye chupa kwa ajili ya pikipiki yake akaimimina akasugua. Alipotoka alikuwa na kitu amekikunja ndani ya kitambaa, akakitupa mbali kwenye shimo la taka.

"Alikuwa panya?"

"Ndiyo. Panya. Nimemutupa."

Nikamwombea dua, nikaenda zangu.

Hapakuwa na panya. Pedali yangu mpira wake uliisha zamani, ilikuwa chuma kitupu chenye ukingo mkali, na kwa nguvu ya springi mbili ukingo ule ulikuwa umeufungua unyayo wangu na kuendelea kuufungua kila nilipokanyaga. Alichokifuta rafiki yangu ni mimi.

Alinieleza mwenyewe baadaye, mambo yalipokuwa yamekwisha, amekaa kwenye ukingo wa kitanda changu akitazama ukuta. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ningekuambia aje? Mi niliona damu kwa pedali. Niliona na ile ingine, ile ya manjano. Nikasema, huyu nikimwambia, gari imeisha. Na we bila gari uko nani? Nikakusitiri."

"Springi nazo?"

"Springi ilikuwa ya kukusaidia usikie. We ndio ulilia unataka kusikia."

Nikamwambia atoke nje. Akatoka. Yuko nje mpaka leo, kwa maana ya kwamba anakuja anakaa barazani na mimi simkaribishi ndani.

Inabidi nieleze sitara, kwa wasiotujua. Kwetu mtu mzima akiwa na aibu ya mwili haambiwi, anasitiriwa. Nimeona mzee amechanika kanzu nyuma msikitini, mtu mmoja akasimama mgongoni kwake, akatembea naye hivyo mpaka nyumbani, na mzee hakujua kwa nini leo ana mfuasi. Tunajivunia jambo hilo na mimi nililipenda. Basi nilipokuwa natia udhu pale kwenye mabomba, nikiosha unyayo kwa kiganja na kudhani ninachogusa ni sugu ya kazi, wenzangu waliona. Mmoja alihama bomba. Kisha bomba la mwisho likawa langu, nikifika liko wazi, na kwenye safu nikapewa nafasi ya pembeni karibu na dirisha. Mimi nilidhani ni heshima ya ndevu. Nilitembea na kifua mbele! Mtaa mzima ulikuwa unanusa mguu wangu ukioza na kunipisha kwa adabu. Nikifikiria hilo natamani kumpiga mtu, na sijui nimpige nani, kwa sababu ningekuwa wao na mguu ukawa wa mwingine, nami ningehama bomba.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa. Niliamka na homa, nikashindwa kwenda msikitini, nikalala kwenye mkeka uani nyayo zikielekea mlangoni. Binti yangu anauza vitenge dukani kwa mtu. Alirudi mchana kuniletea uji. Alisimama mlangoni na sufuria. Kisha akapiga kelele, kelele kweli kweli, mpaka wanawake wa nyumba za jirani wakaja na mikono yao ya unga.

"Baba, muguu! Baba, unaona muguu yako?"

Yeye peke yake hakunisitiri. Akaweka kioo chake kidogo cha wanja chini ya unyayo wangu ili nione. Niliona shimo, na ndani ya shimo kitu cheupe ambacho mtu hapaswi kukiona kwake mwenyewe akiwa hai. Na hakikuuma. Mwanamke mmoja wa Kikongo, mpangaji wa nyuma, aliyewahi kumuuguza mumewe, akaukandamiza kidogo na kusema ni sukari hiyo, inaua muguu usisikie kitu, mupeleke sasa, kama munachelewa watakata mupaka juu. Nikaelewa kila kitu kwa pamoja, foleni, kandambili, springi, panya.

Wanaume wote walikuwa kwenye swala. Fundi alikuwa ameitwa Rumonge kwenye lori lililokwama. Teksi hazina mafuta. Pikapu ilikuwa na kidogo kwenye tangi, nilichokiweka kwa ajili ya kazi ya Jumamosi. Binti yangu akaufunga mguu kwa kitenge kipya cha dukani, wanawake wakanipandisha, na yeye akavua viatu vyote viwili akakaa kwenye usukani.

Akakanyaga klachi. Haikwenda. Akaniangalia kana kwamba nimemfungia mlango. Akajaribu tena, akajinyanyua kwenye kiti, akashika usukani kwa mikono miwili na kusimama juu ya pedali kwa uzito wake wote, na uzito wake si mwingi. Ikashuka. Tukaondoka kwa kuruka ruka. Kila alipotaka kubadili gia alisimama hivyo, jasho likimtoka, na springi ilimrudisha juu kwa nguvu, mtetemo ule mdogo niliomfundisha ukapita bila yeye kuupata. Ile pedali niliyojengewa ili mguu mfu usikie, mguu hai haukuweza kusikia kitu juu yake.

Njiani nilikuwa nautazama mguu wangu wa kulia. Niliuvua kiatu nikauweka juu ya mkeka wa mpira, mzima, safi, hauna hata mkwaruzo, na nikamshukuru Mungu kwa kunibakizia huo. Nilianza kujipangia maisha. Kuna magari yasiyo na klachi, otomatiki, ambayo tangu ujana nimeyaita magari ya mabibi harusi. Gari la namna hiyo linataka mguu mmoja tu. Nilisema moyoni, watakata wa kushoto, sawa, nitaendesha kwa wa kulia, nitachekwa, sawa. Nilijua hata nitakavyowajibu watakaonicheka.

Hospitali tuliyoelekea iko juu. Kwenye kupanda Gihosha magari yakasimama, foleni ya mafuta ilikuwa imemwagika mpaka barabarani na kuacha njia moja. Binti yangu akakanyaga breki, na klachi ikamponyoka, injini ikazima. Akawasha. Akajaribu kuachia, springi ikamtupa mguu, tukarudi nyuma kidogo, ikazima tena. Nyuma yetu walikuwa wanapiga honi. Mguu wake wa kushoto ulikuwa unatetemeka mpaka gotini, akaanza kulia bila sauti, macho mbele.

"Baba, siwezi. Iko nguvu sana."

"Ngoja. Tutafanya kama zamani."

Nikajivuta katikati ya kiti, gia ikaingia baina ya magoti yangu. Nikanyoosha mguu wa kulia ng'ambo, kwenye giza la pedali. Nilimwambia aweke wake kwenye klachi, mimi nitaweka wangu juu, nguvu itatoka kwangu na kusikia kutatoka kwake. Akaweka. Nikasukuma kwa paja, nikitafuta mguu wake, nikitafuta lile joto. Nilikuwa naangalia barabara mbele, kama dereva.

"Kanyaga, Baba," akasema. Kisha akasema, "Inatosha."

"Bado sijafika," nikamwambia. Nikasukuma zaidi.

"Baba, inatosha. Unaniumiza."

"Ngoja, mwanangu, sijafika kwenye mguu wako."

Akapiga ukelele. Nikatazama chini. Mguu wangu wa kulia, ule mzima, ulikuwa juu ya mguu wa binti yangu, umeubana kwenye ukingo wa chuma, vidole vyake vimepinda chini ya vyangu, na mimi sikuwa nasikia kitu.